Daftari la Mgodi na Chungu cha Nyumbani: Watu wa Cornwall na Kazi Zao

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi na wageni mliofika: wakubwa shikamooni, vijana hamjambo. Nimepewa saa moja pamoja na maswali, kwa hiyo jiografia itakuwa ya dakika mbili tu.

Cornwall ni ncha ya kusini-magharibi ya Uingereza. Bahari iko pande zote isipokuwa mashariki, na huko mashariki mto Tamar unaitenga na Devon karibu mpaka wote. Chini kuna graniti, na pale graniti ilipokutana na miamba mingine, mipasuko ilijaa bati, shaba na aseniki. Makaa ya mawe hakuna. Lishikeni hilo la makaa, tutalirudia. Bati limechimbwa huko kwa zaidi ya miaka 3,000. Mwaka 1201 Mfalme John aliwapa wachimbaji wa bati hati yao, wakawa na mahakama zao na haki ambazo mkulima wa kawaida hakuziota. Hadi 1838 kila pande la bati lilipelekwa katika mji maalumu, Truro au Helston au Penzance, likakatwa kona ili lipimwe usafi wake, na kodi ikaenda kwa mrithi wa kiti cha ufalme.

Basi, wafalme tumemalizana nao. Mimi nataka tuingie nyumbani kwa mchimbaji, tuseme kati ya 1780 na 1914, tuulize jambo moja: mgodi ulipokuwa hauna kitu, nani aliubeba? Jibu nalitoa mapema, maana najua mmetoka kula. Waliubeba watu wa nyumbani: mke, bibi, mtoto wa miaka 10, kijibustani cha viazi, pipa la samaki wa chumvi. Hao wote hawamo katika daftari la mgodi. Daftari lina mishumaa, kamba, makaa na mbao.

Tuanze na siku ya mnada.

Kapteni wa mgodi, maana huko msimamizi wa mashimo huitwa kapteni hata kama hajawahi kupanda meli, anatokeza kwenye dirisha la nyumba ya hesabu akiwa na orodha mkononi. Chini wamesimama wanaume kwa makundi. Anakitaja kipande cha mwamba: kiko pima ngapi chini (pima moja ni karibu mita mbili), upande gani wa shimo, nani walikuwa wakikichimba. Wanaume wanaanza kushindana, na ushindani unakwenda chini. Mmoja anasema, sisi tutakichimba kwa shilingi kumi katika kila pauni ya thamani ya mbale, yaani mawe yenye madini. Mwingine anasema tisa. Mwingine, nane na nusu. Pauni ya wakati ule ilikuwa na shilingi 20, kwa hiyo hapo tumeshaingia chini ya nusu. Kapteni anarusha kijiwe juu. Sauti ya mwisho kusikika kabla kijiwe hakijagusa ardhi ndiyo inayopata kazi.

Aliyeshinda hakuwa mwajiriwa kwa maana tunayoijua. Alikuwa na kundi lake, mara nyingi baba, wanawe na mashemeji, na kwa muda wa mkataba, aghalabu miezi miwili, kipande kile kilikuwa chao. Mshumaa walilipia wao. Baruti walilipia wao. Kunolewa kwa patasi na nyundo kulikatwa kwenye pato lao, na kupandishwa kwa mawe kulikatwa pia. Mshipa wa madini ukinona, waliondoka na fedha ya kumtia wivu karani wa mjini. Mshipa ukikatika, walimaliza miezi miwili wakiwa na deni, kwa sababu katikati ya mkataba mgodi ulikuwa umewakopesha posho ya kujikimu.

Naona wenzetu wa Manyara mmeshaanza kutabasamu. Ndiyo. Mwanaapolo wa Mererani, anayeshuka shimoni bila mshahara akisubiri uzalishaji, angeielewa siku hii ya mnada bila mkalimani.

Na ujanja ulikuwepo, msidhani hawa watu walikuwa malaika. Chukua makundi mawili. Moja lina mwamba tajiri, kwa hiyo wameupata kwa shilingi mbili tu katika pauni. La pili lina mwamba maskini, wamekubaliwa shilingi kumi na mbili. Jiwe halina jina. Usiku mbale nono inahama kutoka rundo la kwanza kwenda la pili, inauzwa kwa hesabu ya shilingi kumi na mbili, na faida inagawanywa kimyakimya. Makapteni waliujua mchezo huu vizuri kwa sababu wengi wao walianza maisha humohumo shimoni, na pengine walishaucheza. Waliokamatwa walifukuzwa, na wengine walifikishwa mahakamani.

Wapo pia waliolipwa kwa pima: kuchimba shimo la kushukia, kutoboa njia, kazi ya mwamba mtupu usio na mbale. Hao tunawapita haraka, ingawa bila wao wale wa mnada wasingekuwa na pa kuingilia.

Wasomi wa karne ya 19 waliupenda sana mfumo huu. Charles Babbage aliusifu, John Stuart Mill aliusifu. Waliona mfanyakazi mwenye akili, anayekadiria mwamba kwa jicho lake na kujiamulia saa zake. Hilo ni kweli, na wachimbaji wenyewe walilionea fahari. Lakini tazameni upande wa pili wa meza. Wenye hisa walikutana kila baada ya miezi michache katika nyumba ileile ya hesabu, wakasomewa daftari, wakala chakula kizuri kwenye sahani za mgodi. Faida yote iligawanywa siku hiyohiyo. Hasara ikitokea, kila mwenye hisa alitakiwa kuchangia au ajiondoe. Akiba haikuwekwa. Mwenye ardhi naye alikuwa amekwisha kuchukua fungu lake, sehemu moja ya kumi na tano ya mbale au zaidi, awe mgodi umepata au umekosa, na yeye hakutoa hata mshumaa. Sasa niambieni: katika mpangilio huo, akiba ya siku mbaya ilikaa wapi? Benki haikuwa nayo. Nyumba ya hesabu haikuwa nayo. Ilikaa jikoni kwa mchimbaji.

Twende basi jikoni, lakini kwanza nyumba yenyewe, kwa sababu mkataba wake ni wa ajabu. Mchimbaji alipewa kipande cha nyika isiyofaa, mawe na vichaka vya miiba, akajijengea mwenyewe kibanda cha mawe au cha udongo uliochanganywa na majani makavu, akavunja mawe, akazungusha ukuta, akalima. Ardhi alikodi kwa uhai wa watu watatu. Yaani katika hati waliandikwa watu watatu kwa majina, tuseme yeye, mkewe na binti yao mdogo, na mkataba uliishi maadamu mmoja wao yu hai. Akifa wa tatu, nyumba, ukuta, bustani, vyote alivyovijenga kwa mikono yake, vilirudi kwa mwenye ardhi bila fidia. Kwa hiyo familia ilipochagua majina ya kuandika ilikuwa inapima afya za watoto wake. Surua ikiingia kijijini, haikuwa inatishia mtoto tu, ilikuwa inatishia paa. Mimi katika kusoma historia ya kazi sijakutana na mkataba mwingine ulioweka hatari ya mtu maskini waziwazi namna hii.

Kwenye bustani hiyo kulikuwa na viazi, na pengine nguruwe mmoja. Kuni zilikuwa miiba na udongo wa majani uliokaushwa, kazi ya wanawake na watoto kuvikata na kuvibeba. Mkate wa mchimbaji maskini ulikuwa wa shayiri. Ile sambusa kubwa ya Cornwall, pasty, yenye nyama, viazi, kitunguu na kiazi cha manjano cha jamii ya kabeji, ambayo tangu 2011 jina lake linalindwa kisheria Ulaya, haikuwa na nyama kila siku. Siku nyingi ndani mlikuwa na viazi na kitunguu. Mtasikia hadithi kwamba mchimbaji alishika ukingo wa unga na kuutupa kwa sababu mikono yake ilikuwa na sumu ya aseniki. Inauzia watalii vizuri. Picha za zamani zinaonyesha watu wakiila ikiwa ndani ya mfuko wa kitambaa, mwanzo mpaka mwisho. Mtu mwenye njaa hatupi chakula. Kipande kidogo labda, kwa ajili ya mizimu ya mgodini, wale wanaogongagonga ukutani kabla mwamba haujaanguka. Hao waliachiwa chao, na kupiga mluzi shimoni kulikuwa mwiko.

Mwaka 1845 na 1846 ugonjwa wa viazi ulipovuka Ulaya, tunaijua zaidi Ireland, na kwa haki. Lakini jiko la Cornwall nalo lilitikisika. Mwaka 1847 makundi ya wafanyakazi wa migodi, machimbo ya mawe na udongo yaliandamana hadi bandari ya Wadebridge na kwenye masoko ya Redruth kuzuia nafaka isisafirishwe na kudai iuzwe kwa bei ambayo familia ingeiweza. Haikuwa mara ya kwanza. Karne ya 18 yote imejaa maandamano ya aina hiyo. Angalieni walipokwenda. Hawakwenda mgodini kudai mshahara, maana mshahara wa kudai haukuwepo, palikuwa na mnada tu. Walikwenda ghalani.

Picha inayofuata, tafadhali. Hawa wasichana waliosimama mbele ya banda, kofia za kitambaa zimefunika shingo na mashavu, aproni nyeupe, nyundo mikononi, ni wafanyakazi wa mgodi. Bila shaka siku ya picha walivaa aproni safi, vumbi la mbale halikubali weupe huo. Chini hawakushuka. Lakini mbale ya shaba ilipofika juu ilikuwa imechanganyika na mawe matupu, na mnunuzi wa Swansea, mji wa Wales ulioyeyusha shaba, hakununua mawe matupu. Wenye nguvu zaidi walipasua mapande makubwa kwa nyundo za mpini mrefu, wamesimama. Wengine waliketi wakigonga vipande juu ya fuawe, jiwe lenye shaba huku, lisilo nayo kule, na macho yao ndiyo yalikuwa maabara. Wengine walisaga kwa chuma bapa mpaka ikawa changarawe laini. Wadogo, wengine wa miaka 9 au 10, walichambua mawe kwenye maji baridi. Mwanamke mzima alipata karibu shilingi moja kwa siku, mara nyingi pungufu, na mtoto alipata senti chache.

Katikati ya karne ya 19 walikuwa maelfu. Tume ya serikali iliyochunguza ajira ya watoto mwanzoni mwa miaka ya 1840 iliwahoji wengi wao, na ndiyo maana tuna habari za magoti yao, vifua vyao, na saa walizoamka ili watembee kilomita kadhaa kabla ya kengele. Watu wa heshima waliwalalamikia. Wanapenda riboni, walisema, wanapenda kofia za rangi siku ya Jumapili, kupika hawajui. Mimi nayasoma malalamiko hayo kama ushahidi: msichana alikuwa na fedha yake. Sehemu kubwa ilikwenda mkononi mwa mama, na ndiyo iliyoinunulia nyumba unga katika ile miezi miwili ya baba yenye mshipa uliokatika. Shilingi ya binti haikupigiwa mnada, ilikuja kila malipo. Ukinitaka nichague nguzo moja ya uchumi wa Cornwall nitamchagua huyu wa katikati, mwenye nyundo begani, kabla sijamchagua James Watt.

Na Watt lazima nimtaje, la sivyo wanafunzi wa uhandisi wataondoka. Niliwaambia Cornwall haina makaa. Mashimo yakifika chini ya usawa wa maji yanafurika, na pampu zinahitaji injini, na injini inakula makaa yaliyoletwa kwa meli kutoka Wales. Injini ya Watt, iliyoanza kufanya kazi huko 1777, ilikula makaa machache zaidi kuliko zile za zamani, na malipo ya Watt na mwenzake Boulton yalikuwa theluthi moja ya thamani ya makaa yaliyookolewa. Wenye migodi walilipa huku wakinung'unika mpaka hataza ilipoisha mwaka 1800. Hapo ndipo vijana wa huko walipofunguka. Richard Trevithick, mtoto wa kapteni wa mgodi, alitumia mvuke wenye shinikizo kubwa, na mkesha wa Krismasi ya 1801 alipandisha gari la mvuke kwenye mlima wa Camborne likiwa na watu juu yake. Kuanzia 1811 lilichapishwa jarida la kila mwezi linaloonyesha kila injini imeinua maji kiasi gani kwa kipimo kimoja cha makaa, na mafundi wakashindana hadharani. Kiwanda cha Harvey cha mji mdogo wa Hayle kikafika mahali pa kutengeneza sehemu za injini kubwa iliyokausha ziwa la Haarlem huko Uholanzi. Uhaba wa makaa uliwafundisha.

Injini ilivuta maji. Mtu hakuvutwa. Mchimbaji wa shimo la pima 200 alishuka kwa ngazi, mshumaa umebandikwa kwa udongo kwenye kofia ngumu, na baada ya kazi alipanda ngazi hizohizo kwa muda wa saa nzima au karibu. Katika migodi ya Gwennap kulikuwa na mahali ambapo joto lilipita nyuzi 40, watu wakifanya kazi kwa dakika chache, wakimwagiwa maji, wakirudi. Kisha wanatoka juu, jasho mwilini, kwenye upepo wa Januari wa Atlantiki. Mwaka 1842 mgodi wa Tresavean uliweka mtambo wa kwanza huko Cornwall wa kupandisha watu: nguzo ndefu inayopanda na kushuka, yenye vibao vya kusimamia, mtu akihama kutoka nguzoni kwenda ukutani na kurudi, hatua kwa hatua mpaka juani. Migodi mingi haikuufunga. Ulikuwa na gharama, na ngazi za wachimbaji zilikuwa bure, maana muda wao wa kupanda haukulipwa na mtu. Mgodi wa Levant, ambao njia zake ziliingia chini ya bahari, ulikuwa nao, na tarehe 20 Oktoba 1919 kiungo cha juu cha nguzo kilikatika watu wakiwa wamejaa juu yake wakirudi nyumbani. Walikufa 31. Kabla ya hapo, Julai 1846, mvua moja ya radi ilikuwa imeujaza mgodi wa East Wheal Rose na kuwazamisha 39.

Sasa bahari. Watu wengi wa pwani walikuwa na mguu mmoja shimoni na mwingine kwenye mashua. Samaki wao mkuu aliitwa pilchard, ndugu wa dagaa wa baharini, aliyekuja kwa makundi makubwa mwishoni mwa kiangazi. Mlinzi alisimama juu ya jabali siku nzima akitazama rangi ya maji. Akiona wekundu unaotembea alipiga kelele, "Hevva! Hevva!", mji mzima ukatoka mbio, na yeye akaziongoza mashua kwa matawi mikononi, kushoto, kulia, zungusha. Kibanda cha mlinzi wa Newquay bado kipo. Samaki walizungushiwa nyavu, wakachotwa kwa vikapu, na kuanzia hapo kazi ilikuwa ya wanawake: usiku kucha wakiwapanga tabaka la samaki tabaka la chumvi, ukuta wa samaki unaokaa mwezi mmoja hivi, kisha kwenye mapipa, kisha kukandamizwa mpaka mafuta yatoke. Mafuta yalikuwa ya taa. Mapipa yalikwenda Italia, Genoa na Naples, kwa Wakatoliki wa Kwaresima. Inasimuliwa kwamba wavuvi wa Cornwall, watu ambao hawakumpenda Papa hata kidogo, walinyanyua glasi zao kumwombea maisha marefu na mifungo mingi.

Kila nyumba ilijiwekea samaki wake wa chumvi wa majira ya baridi. Viazi na samaki wa chumvi, ndicho chakula kilichobeba mkataba mbovu wa mwezi wa pili.

Udongo mweupe wa kauri wa St Austell ungestahili mhadhara wake. Niseme tu kwamba William Cookworthy aliutambua katikati ya karne ya 18, kwamba ulisafirishwa kupitia bandari kama Charlestown, na kwamba shaba ilipokufa udongo uliendelea kulisha watu. Waliokwenda Pugu kuona machimbo ya kaolini wanajua rangi ya viatu vya mtu wa kazi hiyo.

Dini siwezi kuipita hivyo. John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, alifika Cornwall mwaka 1743 na akaendelea kurudi. Gwennap kuna bonde la mviringo, linalosadikiwa kuwa ardhi iliyozama juu ya machimbo ya kale, na humo alihubiri mara nyingi kwa maelfu. Sensa ya ibada ya 1851 ilikuta zaidi ya nusu ya waliohudhuria ibada Cornwall ni Wamethodisti. Kanisa la Anglikana lilikuwa la mwenye ardhi, kapela ilikuwa yao: waliijenga wenyewe, na mtu aliyekuwa shimoni Jumamosi alihubiri Jumapili, kama Billy Bray, mlevi aliyeokoka akawa mhubiri mashuhuri anayecheza kwa furaha mimbarini. Humo watu walijifunza kusoma, kutunza hesabu za umoja, kusimama na kusema. Humo pia walifundishwa kwamba kiu na dhiki ni mambo ya mtu binafsi na Mungu wake, na baadhi ya wanahistoria wanaona ndiyo sababu vyama vya wafanyakazi vilichelewa huko. Mimi naona mnada ulifanya kazi hiyo zaidi: ukishamshinda mwenzako kwa nusu shilingi, kesho utaunda naye chama vipi? Na dini haikuwatuliza siku zote. Mei 1896 wavuvi wa Newlyn walizivamia mashua za pwani ya mashariki ya Uingereza zilizokuwa zikivua Jumapili, wakatupa samaki baharini, hadi wanajeshi wakaletwa. Ilikuwa Sabato, na ilikuwa pia bei ya soko la Jumatatu.

Mwaka 1866 fedha za London ziliyumba, bei ya shaba ilikuwa imeshaanguka kwa sababu ya mbale ya Chile na ya Ziwa Superior, na migodi isiyokuwa na akiba ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Wengi waliokuwa wakichimba hiyo mbale ya nje walikuwa watu wa Cornwall haohao. Walikuwa wameanza kuondoka mapema: Real del Monte huko Mexico tangu miaka ya 1820, ambako mpaka leo wanauza pasty zenye pilipili; Burra na Moonta huko Australia Kusini; Michigan; Grass Valley huko California. Waliitwa Cousin Jack, na ilisemwa kwamba penye shimo lolote duniani, chini yake utamkuta mmoja. Kati ya 1861 na 1901 idadi ya watu wa Cornwall ilishuka kutoka karibu 369,000 hadi karibu 322,000, katika miaka ambayo Uingereza yote ilikuwa inajaa.

Wanaume waliondoka, wake walibaki na bustani, na sasa uchumi wa nyumba ukapata mguu mpya: barua. Redruth na Camborne zilisubiri posta ya Afrika Kusini namna zilivyokuwa zikisubiri siku ya malipo. Vita vya Makaburu vilipoanza mwaka 1899 na migodi ya Johannesburg ikasimama, maduka ya Camborne yaliyumba. Wapo wake waliopokea fedha kwa miaka mingi bila kumwona mume; wapo ambao barua zilikoma tu. Kwa wote hao, daftari la mgodi lililokuwa halijawahi kuwaandika sasa halikuwepo kabisa.

Na hapa historia hii inaingia kwetu. Mwaka 1902 daktari na mwanafiziolojia J. S. Haldane alitumwa kuchunguza wachimbaji wa Dolcoath, mgodi mkubwa kuliko yote karibu na Camborne, waliokuwa wakipauka na kuishiwa pumzi. Alikuta safura. Minyoo ya safura, chini ya ardhi ya Uingereza! Dolcoath ulikuwa na kina kirefu, joto na unyevu, vyoo hakuna, na minyoo hiyo yaelekea ilirudi tumboni mwa watu waliofanya kazi nchi za joto. Miaka miwili baadaye ripoti yake nyingine na wenzake ikaeleza vifo vya mapafu: waliokufa zaidi walikuwa wale waliotumia mashine za kutobolea mwamba, na wengi walikuwa wametoka Transvaal, jimbo la Johannesburg. Mashine ilitoboa haraka, ikatia vumbi laini la mawe kifuani. Walirudi Cornwall na fedha, wakajenga nyumba nzuri, wakafa wakiwa na miaka thelathini na kitu. Kinga yake, maji kwenye ncha ya mashine, ilikuwa inajulikana.

Lakini nisimalize nikiwafanya watu wema. Huko Rand, ukanda wa dhahabu wa Johannesburg, watu wa Cornwall walikuwa wazungu, na walijua. Mwaka 1907 wachimbaji wazungu waligoma kupinga kuongezewa mashine za kusimamia, na mashine hizo zilikuwa zikishikwa na Waafrika. Sheria ya migodi ya 1911 ikatumiwa kuwawekea wazungu kazi za ujuzi na vyeti vyake. Watu waliojua kwa mifupa yao maana ya kushindanishwa kwa nusu shilingi hawakumfungulia mlango aliyeshika mashine kando yao. Na aliyeishika alitoka Msumbiji, Nyasaland, na baadaye nyanda zetu za kusini. Wazee wa Rungwe na Kyela bado wanaijua Wenela, wakala iliyoandikisha wanaume kwenda Johannesburg mpaka serikali ya Tanganyika huru ilipoukata mpango huo. Vumbi lilikuwa lilelile. Mke wa Camborne na mke wa Tukuyu walisubiri fedha kutoka mji mmoja, wakauguza kikohozi kimoja. Tofauti ni kwamba kwa wa Camborne ilikuja tume, ikaandika.

Migodi yenyewe sitaisimulia mpaka mwisho. Dolcoath ulifungwa miaka ya 1920, Geevor baada ya bei ya bati kuanguka mwaka 1985, na South Crofty mwaka 1998. Majengo ya injini UNESCO iliyaweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Mwenyekiti ananionyesha saa. Naona mkono pale nyuma, karibu.